Asilimia 0.01: Nani atahukumu uongo wa uchaguzi?

Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ambayo Wakenya walipokea habari za kifo cha Raila Odinga, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Matanga hayajaanuliwa, mabishano yakawa yamepamba moto. Wapinzani wakasema ni kamba ya kuwafunga vijana midomo kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Serikali ikasema ni ngao ya kuwakinga watoto na picha chafu, na ya kuzima ugaidi na mafundisho potovu ya dini. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kifungu kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Tangu hapo, kila anayezungumzia uongo wa uchaguzi mitandaoni anaupima kwa mizani ile ile: uhuru upande huu, utulivu upande ule, ukiongeza huku umepunguza kule.

Mizani hiyo ndiyo inayotupoteza. Uongo wa uchaguzi haustawi kwa kuwa waongo hawafungwi. Unastawi pale mwenye takwimu anapozikalia, na pale kampuni inayopokea pesa ili kuusambaza isipodaiwa hesabu na yeyote. Kama dola ina nguvu ya sheria ya kutumia, iitumie kuwabana hao wawili waseme wanachokijua. Anayejumlisha kura kwenye simu yake sebuleni aachwe ajumlishe.

Mtu aliyewahi kusimama nje ya darasa la shule ya msingi usiku wa kuhesabu kura anaijua Fomu 34A. Ni karatasi moja tu: jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, kisha saini za mawakala na ya msimamizi. Nakala moja hubandikwa mlangoni. Mwaka 2022 niliipiga picha ya kituo changu mnamo saa nane za usiku, na kulipokucha nikailinganisha na ile iliyokuwa kwenye tovuti ya Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Ilikuwa karatasi ile ile, hata ile saba ambayo msimamizi aliitia kistari tumboni. Hilo halikuja kwa hisani ya mtu. Mwaka 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyageuza. Mwezi Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa urais, na miongoni mwa sababu zake ni jinsi matokeo yalivyosafirishwa. Tume ilipofika 2022 haikuwa na njia nyingine: ilizifungua fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye bando azione.

Sasa tuje kwenye ile asilimia. Tarehe 15 Agosti 2022 mwenyekiti wa tume, marehemu Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo hayo. Kesho yake waliita wanahabari, na makamu mwenyekiti Juliana Cherera akaeleza kwamba asilimia za wagombea wote wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kama kura 142,000. Chukua simu ujumlishe mwenyewe: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Ni kweli zinafika 100.01. Ila asilimia 0.01 ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420, wala si 142,000. Na hizo 1,420 zenyewe si kura za mtu, ni mabaki ya kukadiria kila asilimia hadi desimali mbili. Watu hawakungoja tamko la waziri wala la polisi. Walimu wa hesabu, wachekeshaji na wanafunzi wa sekondari waliipiga ile hesabu hadharani siku hiyo hiyo, kwa sababu tarakimu zote zilikuwa mezani.

Hebu itie sheria ya "taarifa za uongo" katika siku ile. Nani angekamatwa? Aliyesambaza kauli ya makamu mwenyekiti wa tume ya uchaguzi? Wanne ni wengi kuliko watatu, lakini watatu ndio walikuwa na mwenyekiti. Chombo ambacho watunga sheria hupenda kukitaja kama mwamuzi wa ukweli wa uchaguzi kilikuwa kimepasuka mapande mawili, kila pande likiwa na ukumbi wake na vipaza sauti vyake. Majaji saba wa Mahakama ya Juu, wenye uwezo wa kuamuru masanduku yafunguliwe na seva zichunguzwe, walipewa na Katiba siku kumi na nne kuusaka ukweli. Tarehe 5 Septemba wakakubaliana wote kwamba fomu za kwenye tovuti hazikutofautiana na zile walizopewa mawakala vituoni, wala na zile zilizofikishwa Bomas, ukumbi wa Nairobi ambako kura za urais zilijumlishwa. Afisa wa kitengo cha uhalifu wa mtandao anayepekua simu ya kijana usiku wa matokeo anafanya uchunguzi gani wa kulingana na huo?

Hata hivyo, wanaotaka udhibiti hawajatoa hoja hewani, na naona makosa kuwafanya wote kuwa vibaraka. Sisi si nchi ya kuambiwa kwamba maneno hayaui. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100, na jumbe fupi za chuki zilipita kwenye simu kama mvua ya masika, kabla hata ya WhatsApp kuzaliwa. Mwaka 2017 zilizuka video zilizovishwa nembo za BBC na CNN, zikiwa na kura za maoni ambazo mashirika hayo hayakuzitoa. Leo kutengeneza kitu kama hicho hakuhitaji studio. Huko Slovakia, Septemba 2023, sauti ya kubuni iliyodaiwa kuwa ya kiongozi wa chama Michal Šimečka akipanga kuiba kura ilitoka siku mbili kabla ya uchaguzi, katika kipindi ambacho vyombo vya habari na wanasiasa walitakiwa kunyamaza. Kwetu sauti ina hatari zaidi kuliko video. Ujumbe wa sauti unaingia kwenye kikundi cha ukoo, unasema "mimi niko hapa Bomas, nayaona kwa macho yangu", na shangazi ambaye hasomi maandishi marefu anausikiliza akipika. Haubebi jina la mtu, hauna tarehe. Ukikanushwa, kanusho huja kwa maandishi.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema watu wana akili, waachwe wapambanue wenyewe, ukweli utashinda. Uchaguzi una saa yake. Kenya, mwenye malalamiko kuhusu urais ana siku saba tu za kufika mahakamani. Ukweli unaokuja wiki ya tatu unamkuta mtu ameshaapishwa, au ameshazikwa. Hoja hii ya uhuru mtupu ni nzuri kwa mjadala wa bei ya unga, ambao utaendelea mwakani. Haitoshi kwa jambo linalofungwa saa kumi na moja jioni.

Lakini hoja dhaifu kuliko zote iko upande wa pili, na ndiyo inayosikika mara nyingi bungeni: asiye na hatia ana hofu gani? Sheria ni ya wachochezi, mwananchi mwema haimgusi. Tunayo kumbukumbu ya kutosha hapa Afrika Mashariki ya kuijibu hoja hii bila kwenda mbali. Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kifungu cha 16 kiliweka kwa taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo polisi walivamia kituo cha waangalizi wa ndani wa uchaguzi, TACCEO, huko Mbezi Beach, wakachukua kompyuta na simu na kuwashika watu 36. Kazi ya wale vijana ilikuwa kupokea taarifa za waangalizi kutoka mikoani na kuziweka pamoja. Yaani shughuli ile ile ambayo mwaka 2022 ilimfanya kila Mkenya awe karani wa kujitolea, ng'ambo ya Namanga ilikuwa jambo la kuingiliwa na polisi. Hesabu ni ile ile. Tofauti ni nani aliyeruhusiwa kushika kikokotoo.

Kenya nayo isijipigie makofi. Sheria yake ya uhalifu wa mtandao ya mwaka 2018, ile iliyorekebishwa 2025, kama ilivyotungwa, iliweka faini ya hadi shilingi milioni tano kwa kuchapisha uongo, na kifungo cha hadi miaka kumi iwapo uongo huo unazua taharuki au unaweza kuchafua jina la mtu. Chama cha wanablogu kilikimbilia mahakamani mwezi ule ule iliposainiwa. Sitaki kupotea katika safari ya kesi hiyo. Ninachotaka kukionyesha ni jinsi maneno hayo mawili, "taharuki" na "jina", yanavyofungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. La kwanza linaweza kuwa maslahi ya umma. La pili ni maslahi ya mkubwa. Juni 2025 mwalimu na mwanablogu Albert Ojwang alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay kufuatia malalamiko ya naibu inspekta jenerali wa polisi kwamba alikuwa amechafuliwa jina mtandaoni. Akasafirishwa hadi Nairobi, na hakutoka kituoni akiwa hai. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Wapasuaji wa maiti wakakuta majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Hakuna uchaguzi uliokuwa karibu. Anayeniambia kwamba mashine hiyo hiyo itakuwa na adabu zaidi usiku wa matokeo, wakati aliyeishika ana mgombea wake, anaomba imani ambayo sina.

Tena kuna jambo ambalo wapenda udhibiti hawaligusi: mara nyingi mtengenezaji wa uongo ni mwenye dola mwenyewe. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook iliondoa mtandao wa akaunti bandia ambazo ilisema zilihusiana na kituo cha mawasiliano cha Wizara ya Habari na Teknolojia. Serikali haikuwasaka waliozitengeneza akaunti hizo. Iliifunga Facebook, na mkesha wa kura ikaizima intaneti yote. Na Kenya, wakuu wa Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kuendesha kampeni kwa data, walinaswa kwenye kamera ya siri wakijisifu kazi waliyoifanya katika kampeni za Uhuru Kenyatta za 2013 na 2017. Mpe mtu kama huyo kalamu ya kupitisha "huu ni uongo, huu si uongo", atawaandika wapinzani wake kwanza kuwa waongo.

Je, basi kusiwe na kosa lolote? La hasha. Uongo haulingani. Ukimwambia mpiga kura wa Likoni kwamba kituo chake kimehamishwa, au kwamba wafuasi wa chama fulani watapiga kura kesho, umemwibia kura moja kwa moja, na jambo hilo lina jibu la ndiyo au siyo ambalo halitegemei siasa ya mtu. Afrika Kusini imeshaipitia njia hii. Kabla ya uchaguzi wa 2014, chama cha Democratic Alliance kilituma ujumbe mfupi kwa wapiga kura zaidi ya milioni 1.5 wa Gauteng, kikidai ripoti ya Nkandla, iliyohusu pesa za umma zilizotumika katika makazi binafsi ya rais, inaonyesha jinsi Rais Jacob Zuma alivyoiba pesa zao. ANC ilishtaki chini ya sheria inayokataza taarifa za uongo za kuathiri uchaguzi. Januari 2015 Mahakama ya Katiba iliupa ushindi upande wa Democratic Alliance. Kinachofaa kusomwa zaidi ni hoja ya majaji watatu walioandika kwamba katazo lile linahusu uendeshaji wa uchaguzi wenyewe, mambo kama vituo na shughuli ya kupiga kura, na halikukusudiwa kusimamia tambo na tuhuma za kampeni. Mpaka huo ni mwembamba, na uzuri wake uko hapo. Ufaransa nayo, tangu 2018, inamruhusu jaji kuamua ndani ya saa 48 kuhusu uzushi unaosambazwa kwa makusudi na kwa wingi katika miezi mitatu ya kabla ya uchaguzi. Hakimu, muda mfupi, na pande zote mbili zisikilizwe. Kamati ya usalama wa mtandao inayotoa amri ya kufunga tovuti haifanani na hilo kabisa, hata ikivalishwa suti.

Linabaki suala la majukwaa yenyewe, na hapa ndipo nadhani tunalala usingizi. Julai 2022 shirika la Global Witness pamoja na Foxglove walijaribu kuweka Facebook matangazo ya kulipia yenye maneno ya chuki, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yaliyochukuliwa kwenye maneno halisi yaliyowahi kusemwa Kenya. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na lugha ya matusi. Yaliporekebishwa kidogo, nayo yakapita. Isome tena sentensi hiyo. Mashine iliona kosa la kisarufi, haikuona wito wa kuchinjana. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe la sivyo isimamishwe, mawaziri wakakimbilia kusema hakuna kitakachozimwa, na suala likaishia hapo. Kosa lilikuwa kutishia kufuli wakati kilichohitajika ni daftari. Hakuna aliyeuliza: ni wakaguzi wangapi wanaosoma Kiswahili, Kisomali, Kidholuo, Gikuyu? Nani alilipia tangazo gani, kiasi gani, likaonyeshwa kaunti zipi?

Maswali hayo yana majibu, na kuna mahali ambapo kampuni hulazimika kuyatoa. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya inayataka majukwaa makubwa yatangaze idadi ya wakaguzi kwa kila lugha rasmi ya umoja huo, na faini yaweza kufika asilimia sita ya mapato ya dunia nzima. Desemba 2025 X ilitozwa yuro milioni 120. Haikutozwa kwa uongo wa mtu yeyote. Ilitozwa kwa alama ya buluu inayohadaa, kwa hazina ya matangazo isiyo wazi ipasavyo, na kwa kuwanyima watafiti data. Watu watasema Ulaya ina soko na sisi hatuna, kampuni zitatucheka. Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Lakini Kenya imeshawahi kuzivuta kortini kampuni hizi: Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa na wakaguzi wa maudhui waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikakubali kusikiliza kesi kuhusu madhara ya maudhui ya vita vya Ethiopia. Na Kiswahili kinavuka mipaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikidai takwimu za wakaguzi wa Kiswahili kwa sauti moja, si ombi dogo. Mahakama ya Jumuiya yenyewe iliishaonyesha meno Machi 2019, ilipoona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania, vikiwamo vya habari za uongo, vinakiuka Mkataba.

Nirudi kwenye takwimu, maana ndizo mzizi. Mwaka 2022 tume ilichapisha fomu lakini haikuonyesha jumla inayoendelea. Vituo vya televisheni vikaanza kujumlisha vyenyewe, kila kimoja kwa mpangilio wake: kimoja kimeanza na ngome za Ruto, kingine na za Raila. Kwa siku mbili nchi ilikuwa na washindi wawili kwenye rimoti moja. Kisha hesabu hizo zikapunguza mwendo na kusimama, bila maelezo ya maana. Siku zilizofuata, kabla ya Chebukati kusema, ndizo zilizokuwa shamba la mbolea. Kila ujumbe wa sauti nilioupokea kuhusu wadukuzi ulikuja katika siku hizo, na wala si kabla yake. Mtu atasema kwamba huo ni ushahidi dhidi ya uwazi: mmefungua fomu, mkapata vurugu ya hesabu. Mimi naona ulikuwa uwazi wa nusu. Ukimpa mtu vipande 46,000 bila kumpa jumla, ataitengeneza yake. Na uwazi wa sufuri tumeuona: Oktoba 2025 Tanzania ilizima intaneti siku ya kura, ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66, na mtandao uliporudi siku chache baadaye hapakuwa na fomu ambayo mtu wa kawaida angeweza kuishika na kusema, hii hapa, jumlisha. Uvumi kuhusu yaliyotokea siku zile hausikii kanusho la yeyote, kwa sababu waliozima taa ndio wanaotaka kueleza kilichotokea gizani.

Kwa hiyo tukielekea Agosti 2027, tume iliyo chini ya Erastus Ethekon inaweza kufanya mengi zaidi kwa wiki moja ya kuandika programu ya kompyuta kuliko Bunge linavyoweza kwa vifungu kumi: jumla inayoendelea kando ya kila fomu, idadi ya vituo vilivyobaki na vinatoka kaunti gani, na sauti ya afisa wa tume, si maandishi, katika Kiswahili na lugha za maeneo, kila baada ya saa chache hata kama hakuna jipya. Mswada wowote utakaoletwa wenye neno "uongo" na neno "uchaguzi", wabunge waupime kwa kumweka mbele yake kijana mmoja aliyekaa na kikokotoo usiku wa kuamkia Jumatano, akijumlisha fomu za kata yake na kukosea kwa bahati mbaya safu moja. Wakiona mswada unamfunga, waurudishe. Picha ya ile fomu yangu bado iko kwenye simu, na safari hii nitaipiga tena, mlango ule ule.